Naomba ushauri: vitambaa vilivyookolewa kwenye mafuriko

Habari zenu wanakikundi. Maji yalipopungua tuliopoa nguo nyingi kwenye tope: mashuka, mapazia, sare za watoto. Tunataka kuzikata viraka tushone pazia moja kubwa la ukumbusho, kila kaya na kiraka chake. Nilifurahi sana, mpaka nilipofungua mifuko. Ukungu mtupu!

Nimefua mara tatu kwa sabuni na maji ya moto, nikaloweka kwenye siki, nikaanika juani. Harufu imepungua ila madoa meusi yamegoma. Klorini naiogopa, maana inakula sufu na hariri, na pamba nayo ikizidishiwa hulegea. (Tafadhali mtu asiniambie niichanganye na siki, hiyo inatoa gesi ya sumu.)

Vingine vimechakaa, sindano ikipita vinachanika. Kimoja nilikiwekea bitana, kikakunjamana.

Je, madoa ya ukungu kwenye pamba ya rangi yanatokaje bila kuifubaza? Na kitambaa dhaifu nikishikize kwanza kwa mkono juu ya bitana, au cherehani inafaa? Mama mmoja kaleta kola tu ya shati la marehemu mumewe. Hiyo sitaki kujifunzia.