Je, kunyamaza kwa familia katika manga za maisha ya kila siku ni kukubali?

Msomaji wa Usiku aliuliza:

Nawasalimu nyote. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisoma zile manga (vitabu vya hadithi za picha vya Kijapani) za maisha ya kila siku, zisizo na vita wala mazimwi, ambazo wahusika wake wakuu ni wapenzi wa jinsia moja. Nilianza na *Otouto no Otto* ya Gengoroh Tagame, jina ambalo kwa Kiswahili tungelisema "Mume wa Mdogo Wangu", kisha nikahamia *Uchi no Musuko wa Tabun Gay* ya Okura, inayosimuliwa na mama anayehisi kwamba mwanawe mkubwa ni shoga lakini haulizi.

Nimezipenda zote mbili, ila kuna jambo linanikera na sijui kama kosa ni langu au ni la vitabu. Katika hadithi hizi hakuna anayeketi na mwenziwe akamwambia waziwazi, "Nimekukubali ulivyo." Kwa Tagame, mdogo mtu amekwisha kufa kabla ukurasa wa kwanza haujafunguliwa, kwa hiyo kaka yake hana tena wa kumwomba radhi. Kwa Okura, mama anajua, mtoto anaficha, na sisi wasomaji tunaalikwa tutabasamu kila mtoto anapoteleza ulimi na kujisahihisha. Najiuliza kama huko ndiko kukubaliwa kwenyewe, au kama waandishi wameikwepa ile saa ngumu ili msomaji wa kawaida asisumbuke. Je, zipo manga za aina hii ambamo familia inalazimika kusema neno?

Kurasa za Kale alijibu:

Ndugu Msomaji, swali lako ni zuri, lakini nadhani unamdai Tagame kitu ambacho hakukusudia kukitoa, na ukitazama alikuwa anamwandikia nani utaona sababu.

Kabla ya kitabu hiki Tagame alijulikana kwa miaka mingi kama mchoraji wa manga za mahaba kwa ajili ya wanaume mashoga. *Otouto no Otto* ilichapishwa kuanzia 2014 hadi 2017 katika *Monthly Action*, jarida la wanaume watu wazima ambao wengi wao hawakuwa na sababu yoyote ya kuzijua kazi zake za awali. Ndiyo maana msimulizi si Mike, yule Mkanada mkubwa mwenye ndevu aliyefiwa na mume, bali ni Yaichi, kaka wa huyo marehemu, mtalaka anayemlea binti yake Kana na ambaye hajawahi kujiona kuwa mtu mwenye chuki. Yaichi ndiye msomaji wa jarida lile. Kila anachokiona kigeni katika mwili, mazungumzo na huzuni ya Mike, msomaji anakiona pamoja naye.

Sasa utazame ukimya wake kwa makini, kwa sababu Tagame hauachi upite bure. Mara kwa mara anachora kwanza kile ambacho Yaichi angetaka kukisema au kukifanya, kisha katika kijisanduku kinachofuata anatuonyesha alichokifanya kweli, ambacho daima ni cha heshima zaidi. Mike anapomkumbatia siku ya kwanza, moyoni Yaichi anafoka. Kwa nje amesimama tu kama mti. Sisi tunaona vyote viwili. Hapo ukimya umegeuzwa kuwa ushahidi dhidi ya mwenye kunyamaza, na sidhani kama kuna namna kali zaidi ya kumshtaki mtu mpole.

Tena kosa lake kubwa lilikuwa la aina hiyo hiyo. Yaichi na Ryoji walikuwa pacha, Kurwa na Doto, waliofiwa na wazazi wangali vijana. Ryoji alipomwambia nduguye ukweli wake, Yaichi hakumtukana wala hakumfukuza. Alipoa tu, nao wakaanza kuachana taratibu mpaka mmoja akahamia Kanada na kuolea huko. Ndiyo maana sioni kwamba kifo cha Ryoji ni njia ya kuikwepa ile saa ngumu unayoitaka. Saa hiyo ilikuwapo, Yaichi akaiacha ipite akidhani kunyamaza ni wema, na juzuu zote nne ni gharama ya jambo hilo.

Niongeze la pembeni. Kiswahili kina neno "shemeji", ambalo halimuulizi mtu kama ni wa kike au wa kiume, na msomaji wetu anaweza kulitamka kwenye ukurasa wa kwanza bila kukwama. Safari yote ya Yaichi ni ya kulifikia neno hilo. Kana anafika mapema mno kumzidi: anauliza kama wanaume wawili wanaweza kuoana, anauliza nani alikuwa mume na nani mke, anaambiwa wote wawili walikuwa waume, basi yameisha, anarudi kwenye furaha yake ya kupata ami kutoka ng'ambo.

Mpishi Asiye na Haraka alijibu:

Nakubaliana na Kurasa za Kale kuhusu Tagame, lakini kwa swali la mwisho, la familia kulazimika kusema neno, jibu langu ni *Kinou Nani Tabeta?* ya Fumi Yoshinaga. Imekuwa ikitoka katika jarida la *Morning* tangu 2007, na wahusika wake wanazeeka pamoja na miaka ya uchapishaji: Shiro, mwanasheria mbahili anayewahi kutoka ofisini ili apike, alikuwa na miaka arubaini na kidogo hadithi ilipoanza, na sasa ni mzee kiasi cha kutosha kuhangaikia afya yake na ya wazazi wake. Kwa sababu hiyo kukubaliwa hakuwezi kuwa tukio moja. Lazima kuishi na kuchakaa kama kitu kingine chochote cha nyumbani.

Tena hapa mama hanyamazi hata kidogo. Mama yake Shiro anajua zamani kwamba mwanawe ni shoga, na tangu mwanzo anamhakikishia kwamba wazazi wake wako tayari kumpokea kikamilifu, awe mhalifu au awe mpenda wanaume. Isome tena sentensi hiyo. Imesemwa kwa mapenzi, na ndani yake ushoga umeketishwa kiti kimoja na uhalifu. Ndugu Msomaji, ulitaka familia itamke neno. Yoshinaga anatuonyesha kwamba neno likitamkwa linaweza kuumiza kuliko lingeachwa. Anayemwelewa Shiro bila matata ni Bi Kayoko, mama wa nyumbani aliyekutana naye dukani wakagawana tikiti maji moja kwa kuwa zima lilikuwa kubwa mno kwa kila mmoja. Hana udugu naye wowote, na pengine ndiyo maana mzigo wake ni mwepesi.

Baadaye sana wazazi wanamwalika Kenji, mwenzake Shiro, nyumbani kwao siku ya Mwaka Mpya. Kenji ni msusi, mtu wa machozi ya karibu, na kwake kukaribishwa na wazazi wa mpenzi wake ni ndoto ambayo hakuwahi kuthubutu kuiomba. Kama mwandishi angekuwa wa kawaida, angemalizia hapo. Yoshinaga haishii hapo: baada ya ziara ile mama anaishiwa nguvu, na hatimaye wazazi wanaomba Kenji asije tena. Hawajamchukia, na wanakiri kwamba ni mtu mwema, lakini hawawezi. Naye Shiro, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mtoto mtiifu wa pekee, anaamua kwamba tangu hapo Mwaka Mpya atakuwa na Kenji.

Sijasoma manga nyingine ya aina hii inayokubali kwamba mzazi anaweza kupiga hatua mbele kwa nia safi kabisa, kisha akarudi nyuma kwa sababu mwili wake umekataa. Wengine wameona sehemu hii ni ya kikatili. Mimi naona ndiyo ya kweli kuliko zote.

Ukingo wa Karatasi alijibu:

Kwa ufupi, kuhusu mama wa Okura. Ukimya wa mzazi na ukimya wa mtoto si kitu kimoja, na naona mazungumzo haya yanavichanganya. Hiroki, yule mwana mkubwa, ananyamaza kwa sababu anaogopa. Mama yake ananyamaza ili kumwachia mwanawe haki ya kuchagua siku yake mwenyewe. Tofauti hiyo inaonekana wazi baba anaporudi. Yeye kwa kawaida anaishi mbali kwa ajili ya kazi, na akiwa nyumbani anatoa maneno ya juu juu kuhusu wanaume na wanawake bila kujua anamchoma nani mezani. Mama hamfichulii siri ambayo si yake, ila hakubali maneno yale yapite. Anauliza swali dogo, anageuza mazungumzo, anamtazama Hiroki. Kama huo ni ukwepaji, basi ni ukwepaji unaofanya kazi nyingi.

Nakupa haki katika jambo moja: utamu ukizidi, taharuki hupungua, na kuna sura ambazo zingeweza kuondolewa bila hasara.

Hati na Muhuri alijibu:

Nimewasoma wote kwa hamu, lakini nashangaa kwamba mnazungumza kana kwamba kukubaliwa ni suala la moyo wa mama na baba peke yao. Nchini Japani ndoa inatambuliwa kwa kuandikwa katika daftari rasmi la familia, *koseki*, na daftari hilo halina nafasi ya wanandoa wa jinsia moja. Tangu Novemba 2015 wilaya za Shibuya na Setagaya za Tokyo zilianza kuwapa wenzi vyeti, zikafuatwa na maeneo mengine mengi, ila vyeti hivyo si ndoa. Mahakama ya wilaya ya Sapporo iliamua mnamo Machi 2021 kwamba kuwanyima ndoa watu hawa kunapingana na katiba. Manga hizi zimeandikwa ndani ya hali hiyo, na kwa hiyo ukimya wa familia una uzito wa kisheria: ndugu wa damu ndiye anayetambuliwa, hata kama hamjaonana miaka ishirini.

Yoshinaga analijua hili vizuri, na hakumfanya Shiro kuwa mwanasheria bure. Mmoja wa marafiki zao anataka kumwandikisha mwenzake kuwa mtoto wake wa kuasili, jambo ambalo sheria ya Japani inaliruhusu kwa watu wazima ilimradi anayeasili awe ndiye mkubwa, na sababu yake ni kali: mtu mwenye mtoto harithiwi na wazazi wake, naye hataki wazazi wake wapate hata yeni moja. Mnaona? Mpenzi anageuzwa mtoto ili wazazi wafungiwe mlango. Tukio hilo linapita kwa utulivu, kati ya mlo mmoja na mwingine, na limenikaa kichwani kuliko machozi yote ya Kenji.

Ningependa pia mtazame *Tsukuritai Onna to Tabetai Onna* ya Sakaomi Yuzaki. Kasuga, mwanamke anayependa kula, alikulia katika nyumba ambayo wanaume walipakuliwa chakula kingi na yeye akapunguziwa. Baba yake anapompigia simu akitaka arudi amuuguze bibi, hakuna swali kama familia itamkubali. Swali ni kama yeye ataikubali familia. Naye anakataa. Katika mjadala wetu wote sikumwona mtu aliyeuliza swali kutoka upande huo.

Msomaji wa Usiku aliandika tena:

Nawashukuru nyote, na hasa ndugu Hati na Muhuri, ambaye amenigeuzia swali likanitazama mimi. Nakiri kwamba nilikuwa nikisoma kama mtu anayesubiri kibali kitolewe na wakubwa, nami nikakasirika kilipochelewa.

Nimerudi usiku huu kwa Tagame, kwenye ile sehemu mwalimu anapomwita Yaichi shuleni kwa sababu Kana amekuwa akiwaambia wenzake habari za ami yake kwa fahari, na mwalimu anahofia mtoto atasumbuliwa. Nilipoisoma mara ya kwanza niliiona kuwa sehemu ya kawaida, baba anamtetea binti, basi. Safari hii nimeona kwamba ile saa ngumu niliyoidai ipo pale pale, ila imehamishwa. Yaichi hakuweza kumjibu Ryoji alipoambiwa ukweli. Sasa anamjibu mwalimu, kwa sauti, mbele ya mtu ambaye angeweza kumridhisha kwa kunyamaza, na anachokitaka ni kwamba kama kuna atakayemsumbua mtoto, shule ishughulike na huyo anayesumbua.

Hata hivyo bado sijaridhika na jambo moja, nami nawaachia mlijadili nikiwa naanza juzuu ya kwanza ya Yoshinaga. Mike anasikiliza, anafundisha, anapika, anacheka, anamfariji hata yule kijana wa shule anayemjia kisiri kwa sababu hajui mwingine wa kumweleza. Hasira yake iko wapi? Mtu aliyefiwa na mume, akafika kwa shemeji aliyempa kisogo mumewe miaka yote ile, angestahili walau ukurasa mmoja wa kupiga meza.