Nyumba ya bati Njombe, usiku hakulaliki. Naomba ushauri

Mgeni_wa_Nyanda: Wakuu, habari za saa hizi. Nimehamia Njombe kikazi, nimepanga nyumba ya tofali za kuchoma, juu bati, dari iko sebuleni tu. Tangu Juni iingie, usiku hakulaliki. Alfajiri bati linadondosha matone mpaka juu ya chandarua, na mvua hakuna. Mwenye nyumba anasema ninunue hita ya umeme. Jirani anasema niingize jiko la mkaa chumbani kwa muda kabla ya kulala. Nina watoto wadogo. Lipi lina unafuu?

Mama_Uwemba: Jiko la mkaa chumbani usithubutu, mdogo wangu. Mkaa ukishakolea hautoi moshi, unadhani uko salama, kumbe gesi yake haina harufu wala rangi na inaua watu usingizini. Hata ukilitoa, ile hewa unabaki nayo ndani.

Ticha_Fizikia: Mkuu, kabla ya hita jiulize joto mlilonalo linatokea wapi. Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda. Kwako inakuta uwazi kati ya ukuta na bati, inajiondokea, na ya baridi inapenya chini ya mlango kuchukua nafasi yake. Halafu bati lenyewe: chuma kinapitisha joto kama mara 2,000 kuliko hewa iliyotulia, na hapo ni jembamba kama karatasi. Tena usiku usio na mawingu bati linatupa joto lake angani kwa mionzi mpaka linapoa kuliko hewa ya nje. Hayo matone ni mvuke wa pumzi zenu, umegusa bati la baridi ukawa maji.

Hita ya wati 2,000 inakula uniti 2 kwa saa. Washa kwa muda wa saa tano, uniti 10 zimekwenda, na joto limepitia kwenye uwazi uleule.

FundiDari: Ticha kamaliza. Piga dari. Jipsam au mbao, vyovyote, kwa sababu kazi kubwa inafanywa na hewa iliyonaswa kati ya dari na bati. Ukiacha nafasi pembeni umetupa hela. Mwenye uwezo atandike pamba ya kioo juu yake. Kuna wanaomwaga maranda ya mashine za mbao, mimi siafiki: panya wanazaliana humo, na siku nyaya zikipiga shoti utatafuta pa kukimbilia.

Mgeni_wa_Nyanda: Shukrani wakuu. Shida mwenye nyumba hataki hata kusikia habari ya dari, na mimi siwezi kujenga nyumba ya mtu.

FundiDari: Mwambie ukate kwenye kodi, muandikishane. Akigoma, shona viroba vya sandarusi, vivute vikaze kwenye kenchi (mbao zinazobeba bati) chumba cha watoto tu. Sura mbaya, ila hewa inanasa. Taa ya mafuta na mshumaa marufuku humo.

Ticha_Fizikia: Naunga mkono. Ongeza pazia zito lifike sakafuni, maana kioo kimoja hakizuii kitu, na nguo kuukuu chini ya mlango. Kama watoto wanalalia godoro chini, wapandishe kitandani, saruji inawanyonya joto usiku kucha. Lakini usizibe kila tundu. Acha upenyo mdogo juu ya dirisha, la sivyo unyevu utakuletea ukungu ukutani.

Chalii_wa_Makete: Nyie mnateseka na Njombe? Njooni Kitulo mwezi wa saba muone majani yameganda.

Mgeni_wa_Nyanda: 😂 Huko sendi. Viroba vingi hivyo navipata wapi?

Mama_Uwemba: Sokoni, kwa wauza nafaka. Chagua vilivyobeba mchele au unga. Vya mbolea hata ufue, harufu haitoki, na watoto watalala chini yake.