Nagoya hadi Kanazawa mwezi wa Januari: Tokai-Hokuriku, Maibara au treni?

MamaZuu_Nagoya
Habari zenu humu ndani, Waswahili wa Japani. Mama mkwe anatoka Tanga, atafika mwishoni mwa Januari. Tumemwahidi Kanazawa, na njiani tupite Shirakawa-go akaone zile nyumba za mapaa marefu ya nyasi zikiwa na theluji. Ana zaidi ya miaka sabini na kona humpa kichefuchefu. Gari letu ni dogo, la namba za njano. Tukate milima kwa barabara ya mwendokasi ya Tokai-Hokuriku, tuzunguke magharibi kupitia Maibara, au tuache gari nyumbani? Nawaomba waliopita wakati wa baridi wanisaidie.

Mhandisi_wa_Moro
Dada, kwa kona ondoa hofu. Tokai-Hokuriku ina urefu wa kilomita 185, kutoka Ichinomiya upande wa Pasifiki hadi Oyabe-Tonami karibu na Bahari ya Japani. Inapanda ikifuata mto Nagara, inavuka mgongo wa milima unaogawa maji pale Hirugano, kisha inashuka na mto Sho. Karibu na Matsunoki-toge inafika mita 1,085 juu ya usawa wa bahari, ila ndani ya gari mtu hajui, maana madaraja na mahandaki yamenyoosha kila kitu.

Kipande cha mwisho kilifunguliwa tarehe 5 Julai 2008, nacho ndicho chenye handaki la Hida, kilomita 10.7. Walilichimba kwa mashine kubwa ya kutoboa mwamba, na kuna mahali mlima uliokaa juu ya vichwa vyao una kimo cha kama kilomita moja. Maji yalikuwa yakifoka kwenye nyufa za mwamba kwa shinikizo kubwa. Kazi ilichelewa sana kwa sababu hiyo, na barabara ikakaa miaka ikiwa vipande viwili visivyokutana. Kila nikilipita nawawaza wale wachimbaji. Mwonyesheni mama.

Ally_Magari
Mhandisi kasema kweli kuhusu kona, lakini hajagusa jambo la msingi. Ukishapita makutano ya Hida-Kiyomi kwenda kaskazini, sehemu kubwa ni njia moja kwenda na moja kurudi. Mwendo ni kilomita 70 kwa saa, na theluji ikianguka wanashusha mpaka 50. Ukikuta gari la kukwangua theluji mbele yako, utalifuata hadi litoke, hakuna pa kulipita. Mimi nashusha magari ya mnada kutoka Toyama kwenda bandari ya Nagoya, na kipindi cha baridi napitia Maibara. Inazunguka, ushuru unaongezeka kidogo, lakini ni njia mbili kila upande.

Na wanaotaka gari la kupeleka Mombasa au Dar, kagueni chini kabla ya kununua. Milimani wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo inakula chesesi taratibu. Juu gari linang'aa, chini kutu tupu.

Kijana_wa_Kisauni
Kaka Ally, usimpe dada matumaini kuhusu Maibara. Upepo wa Siberia unavuka Bahari ya Japani, unabeba unyevu, na ukigonga milima unamwaga theluji. Pale Sekigahara, kwenye njia hiyohiyo ya Maibara, milima ina mwanya, kwa hiyo theluji inapenya hadi upande wa pili. Ndiyo maana hata Shinkansen, treni ya mwendokasi, hupunguza mwendo hapo. Mkoa wa Fukui, unaoupita ukitoka Maibara kwenda Kanazawa, ndiyo usiseme. Januari 2021 magari zaidi ya elfu moja yalikwama kwenye barabara ya mwendokasi ya Hokuriku, watu wakalala ndani ya magari. Njia mbili kila upande hazikuwasaidia kitu. Maibara ni tambarare zaidi, nakubali, ila kusema ni salama zaidi siku ya theluji nzito, hapana.

Bi_Rehema
Na barabara ya taifa namba 41? Hailipiwi.

Mhandisi_wa_Moro
Kiangazi ni nzuri, Bi Rehema. Januari na mzee ndani ya gari, siishauri. Inabana kati ya mlima na mto Hida. Agosti 1968 mvua kubwa iliporomosha mlima juu ya mabasi mawili ya watalii, yakatumbukia mtoni. Walikufa watu 104. Baada ya hapo ndipo Japani ilipoweka utaratibu wa kufunga barabara mapema mvua ikipita kiwango. Wakikuta kizuizi, wasinung'unike.

Mwanafunzi_Gifu
Shikamoo wote. Dada, mbona hamjataja kuchanganya treni na basi? Pandeni treni ya Hida kutoka Nagoya hadi Takayama. Lala huko, mama apumzike. Kesho yake basi la Shirakawa-go ni kama dakika 50, nalo linapita ndani ya handaki hilohilo la Hida, na dereva wake anaijua theluji kuliko sisi. Kutoka Shirakawa-go kuna basi la Kanazawa. Viti viwekwe mapema, Januari watalii ni wengi. Kurudi chukueni Shinkansen hadi Tsuruga, mbadilishe, mpande Shirasagi, treni ya kawaida ya kurudi Nagoya. Tangu Machi 2024 Shirasagi haifiki tena Kanazawa. Kubadilisha ni ngazi za umeme na lifti, mama hatapata shida.

Ally_Magari
Hapo mwanafunzi amemaliza. Gari dogo lenye watu wanne na mizigo, kwenye mlima ule, dereva hatapata raha hata kidogo.

MamaZuu_Nagoya
Asanteni sana. Baba watoto amesoma yote, amekubali basi, ila anadai Aprili ataipita mwenyewe kwa gari. Matairi ya theluji tutakuwa tumeshavua?

Kijana_wa_Kisauni
Mwambie asiyavue mapema. Hirugano mwanzoni mwa Aprili theluji bado inaweza kuanguka usiku. Akiyaacha mpaka katikati ya mwezi, na kabla ya kutoka aangalie taarifa za barabara asubuhi hiyohiyo, atafika vizuri.