Mrejesho: Papa alipita skana ya sindano, figo zikayumba kidogo

Ndugu zangu, aksanti sana. Mwezi uliopita niliuliza hapa kutoka Bukavu: papa (baba yangu) ana miaka 68, ana sukari, kreatinini (kipimo cha damu cha figo, kikipanda figo zimelegea) 1.6, na dokta anataka skana ya tumbo yenye dawa ya kuchomwa mshipani. Figo zitahimili?

Tulianza na swali la dada muuguzi wa humu: ekografi (ultrasound) haitoshi? Tuliifanya. Gesi ilificha kongosho, basi skana ikabaki. Metformini, dawa yake ya sukari, ilisimamishwa siku ileile, na papa akatundikiwa seromu ya chumvi kabla na baada. Vile vipakiti vya asetilisisteini, dawa ya kukinga figo, mlivyobishania, dokta alisema tusitupe pesa: utafiti mkubwa uliotoka 2018 haukuona faida yake.

Tulipoanguka ni diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuumiza figo. Mliniambia aiache, nikamwambia, akaitika vizuri. Kumbe aliendelea kumeza kwa siri sababu ya goti, vidonge vya kununua Kadutu, hapa mjini! Baada ya saa 48 kreatinini ilikuwa 2.3. Dokta hakuapa kama ni sindano au ni vidonge, labda vyote viwili. Metformini haikurudishwa, vidonge nilivitoa chini ya godoro mwenyewe.

Mkojo haukukatika, dialisisi (mashine ya kusafisha damu) haikuhitajika. Siku ya 14 kipimo kilishuka hadi 1.7, ndipo metformini ikarudi, kwa dozi ndogo. 1.6 yetu bado hatujaiona tena.

Kongosho ni zima. Papa yuko nyumbani, ananinunia kwa ajili ya goti lake.