Kila nikiifungua na kuifunga bunduki ya .22, risasi zinahama. Ushauri wakuu

Mlengaji_Tulivu
Wakuu, naombeni msaada. Nina Henry AR-7, ile ya risasi ndogo za .22 ambayo mtutu, risiva (mwili wa kati wenye bolti) na magazini vinaingia ndani ya kitako. Nikirekebisha shabaha mita 50, inapiga vizuri. Nikiifungua na kuifunga tena, kundi lote la matundu linahama sentimita 5 hadi 8, na upande hautabiriki. Tena inakwama, risasi inagota mdomoni mwa chemba (tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi). Ni mbovu, au zote za kufunguka ziko hivi?

Fundi_Chemba
Tuanze na kukwama. AR-7 inataka risasi ya kasi kubwa, ya gramu 2.6, yenye ncha ya mviringo. Ncha bapa au yenye tundu inagota. Ile ya polepole haina nguvu ya kurudisha bolti (kile chuma kinachofunga chemba) nyuma kikamilifu. Kagua midomo ya magazini, bati lake ni jepesi na likipinda kidogo tu risasi inainama. Halafu sugua chemba. Nta na risasi-madini vikiganda humo, ganda halitoki.

Mama_Shabaha
Kabla ya yote hayo: toa magazini, vuta bolti, angalia chemba kwa jicho na uiguse kwa kidole, ndipo ufungue mtutu. Kila mara, hata kama umeiweka chini dakika moja iliyopita. Tusizoee.

Jino_la_Zamani
Chukua Browning SA-22, nayo ni .22 ya kufunguka, achana na hiyo. Ipo tangu 1914 na bado inatengenezwa. Vilengeo vyote viwili vimekaa kwenye mtutu, kwa hiyo ukiufungua vinaondoka pamoja na kurudi pamoja.

Nati_Kaza
Jino kagusa kiini. Kwenye AR-7 kilengeo cha nyuma kiko kwenye risiva, cha mbele kiko kwenye mtutu. Piga hesabu: kiungo cha mtutu na risiva cha milimita 25 kikiingiwa na uchafu wa milimita 0.02 upande mmoja, ambao ni mwembamba kuliko unywele, mita 50 risasi inahama milimita 40. Mkuu, unaikaza vipi nati ya mtutu? Na unalenga kwa kutumia nini, vilengeo vyake au kitu kingine?

Mlengaji_Tulivu
Nati nakaza kwa mkono hadi mwisho. Nalenga kwa darubini ndogo, lakini haihusiki, nimeifunga imara. Nimeshaagiza Ruger 10/22 Takedown, nayo ya kufunguka, na darubini itahamia huko. Nilitaka tu kujua kama nimechagua vema.

Jicho_Kali
Hii chai. Umesema vyote vinaingia kwenye kitako. Risiva ya AR-7 yenye darubini haiingii mle hata ukilazimisha. Mwenye bunduki hii angejua.

Mlengaji_Tulivu
Si chai, mkuu. Darubini naitoa kila nikifungasha. Nimeweka alama ya rangi kwenye reli, inarudi palepale.

Nati_Kaza
Basi una viungo viwili vinavyohama, na ndiyo maana upande hautabiriki. Alama ya rangi inaonyesha mbele na nyuma tu, haikuambii kama skrubu zimekazwa sawa. Pima hivi: acha darubini mahali pake, piga 5, fungua mtutu pekee, futa kiungo, hakikisha kijino cha mtutu kimeingia kwenye mfereji wake, kaza, piga 5 nyingine. Rudia mara 4. Kisha geuza: mtutu usiguswe, toa darubini na uirudishe. Na kagua nati baada ya kila magazini, inalegea yenyewe kwa mtikisiko.

Mlengaji_Tulivu
Nitapima. Ila oda siifuti, 10/22 Takedown imesifiwa tangu ilipotoka 2012.

Fundi_Chemba
Inastahili sifa. Kwa kulisha risasi inaishinda AR-7 mbali.

Nati_Kaza
Usiifute. Ila reli yake ya darubini nayo iko juu ya risiva, kwa hiyo tatizo linahamia huko pamoja na darubini yako. Vilengeo vyake vya chuma viko vyote kwenye mtutu, tumia hivyo, au tafuta kishikio cha darubini kinachofungwa kwenye mtutu. Ina pete ya kuondoa ulegevu: ikaze, funga mtutu, utikise kwa mkono. Ukicheza hata kidogo, fungua ukaze tena kabla ya kupiga risasi ya kwanza.