Pikapu ya fowili yenye tairi za AT: kuna haja ya kununua tairi za baridi?

Mzigo_Mwepesi
Wakuu, naomba ushauri kabla theluji haijaanza. Gari ni pikapu ya fowili, saizi ya tairi 265/70R17, imefungwa AT (tairi za njia zote, lami na tope) zenye alama ya M+S (tope na theluji) ubavuni. Kashata, yaani vibonge vya mpira vinavyokanyaga barabara, bado zina kina cha milimita 8 hivi. Mara nyingi inatembea tupu. Njia yenyewe ni lami inayosafishwa theluji, halafu kuna kipande cha mlima ambako barafu inalala hadi mchana. Nibaki na hizi au ninunue tairi za baridi? Na nikinunua mbili za nyuma tu, hazitoshi?

Fundi_Ekseli
Nunua, mkuu, tena zote nne. Huo mlima ndio unaoamua.

Fowili inagawa nguvu ya injini kwenye magurudumu manne, basi. Inakusaidia kuondoka na kupanda. Ukikanyaga breki, kila gari linategemea mpira unaogusa barabara, fowili haiongezi kitu. Ndiyo maana pikapu inapanda barafu bila shida, halafu inaishia mtaroni wakati wa kushuka.

AT ina upungufu wa aina mbili. Kwanza mpira wenyewe: mpira wa kawaida unaanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, wakati wa tairi ya baridi umechanganywa ubaki laini hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Pili ni chale. Inama utazame kashata moja ya tairi ya baridi: uso mzima umejaa mistari myembamba ya mawimbi. Tairi ikikanyaga, mistari ile inafunguka kidogo, kingo zake zinauma barafu na nafasi zake zinameza ule utando wa maji unaoteleza. Kashata ya AT ni bonge lenye chale mbili tatu. Kwenye tope ni nzuri sana, kwenye barafu haina cha kushikia.

M+S inaeleza umbo la kashata tu, haina maana kwamba tairi imepimwa kwenye theluji. Alama ya kutafuta ni mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani. Ujerumani tangu Oktoba 2024 M+S peke yake haihesabiki tena kuwa tairi ya baridi.

Kuhusu mbili za nyuma: gari litasukuma vizuri, lakini mbele halitakata kona wala kusimama. Ukizifunga mbele, nyuma itakuzungusha ukigusa breki, na pikapu tupu ni nyepesi nyuma tayari. Halafu ukiingiza fowili huku mzingo wa tairi za mbele na nyuma haulingani, transfa, ile gia inayogawa nguvu mbele na nyuma, inajikaza na kuumia.

Nati_Sita
Nakubaliana kwa njia yake huyu ndugu, ila tusizitupe AT zote. Zipo AT zenye ile alama ya mlima, na kwa mtu anayepata theluji siku chache kwenye barabara zinazosafishwa, hizo zinatosha mwaka mzima. Ajue tu kwamba kipimo cha alama ile ni mvuto kwenye theluji iliyoshindiliwa. Hakipimi breki kwenye barafu.

Mzigo_Mwepesi
Mmenishawishi. Nichukue LT (tairi za magari mepesi ya mizigo) au za kawaida? Na nitumie rimu zilezile? Vipi zenye misumari midogo ya chuma kwenye kashata?

Fundi_Ekseli
Anza na kibandiko cha mlangoni, kinachotaja saizi ya tairi na upepo wake. Kama gari lilitoka kiwandani na LT, usishuke. Kama lilitoka na za kawaida na huna mizigo mizito, baki na za kawaida: 265/70R17 yenye namba ya mzigo 115 inabeba kilo 1,215 kila moja. LT ya saizi hiyo yenye 121 inabeba kilo 1,450, lakini ubavu wake ni mgumu, na inahitaji upepo mwingi zaidi kubeba mzigo uleule. Wengi wanafunga LT halafu wanajaza upepo wa kibandiko cha tairi za kawaida; tairi inachemka na kuliwa kingo.

Fikiria pia 245/75R17. Kipenyo kinapungua milimita 3 au 4 tu, na tairi nyembamba inazama hadi chini badala ya kuelea juu ya theluji. Hakikisha tu upana wa rimu na namba ya mzigo vinaruhusu.

Rimu nunua seti ya pili, za chuma. Kutoa na kurudisha tairi kwenye rimu mara mbili kwa mwaka kunachana mdomo wa tairi. Angalia tundu la kati, ofseti (rimu inakaa ndani au nje kiasi gani), nafasi ya kalipa ya breki, na hasa nati: rimu ya chuma kwa kawaida inataka nati ya koni, wakati baadhi ya rimu za aloi hutumia nati bapa. Ukichanganya, gurudumu linalegea. Kaza kwa spana ya kipimo, kwa mtindo wa nyota, urudie baada ya kilomita 80 hadi 100.

Misumari ni bora kwenye barafu yenye maji, karibu na sifuri. Kwenye lami kavu inapiga kelele na kuongeza umbali wa kusimama, na kuna nchi zinazoikataza, Ujerumani ikiwemo. Kwa lami yako iliyosafishwa, chukua zisizo na misumari.

Bodi_Tupu
Ongeza mifuko ya mchanga, kilo 100 hadi 150, juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Usiiweke mlangoni mwa bodi, maana itanyanyua pua na usukani utakuwa mwepesi. Ifunge isiteleze.

Upepo pima asubuhi gari likiwa nje, si ndani ya gereji yenye joto. Kila joto likishuka nyuzi 5 au 6, unapoteza takriban psi 1.

Nati_Sita
Dukani soma tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba ya kiwandani ubavuni mwa tairi: 3823 ni wiki ya 38 ya 2023. Kashata zikifika milimita 4, hesabu kwamba kazi ya theluji imekwisha, hata kama sheria bado inaziruhusu.