Naomba ushauri: mahadhi ya sinthesaiza yananishinda katika muziki wa dansi wa kielektroniki

Kijana wa Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mkaazi wa Wete, Pemba, na huu ni mwaka wa pili tangu nianze kutengeneza muziki wa dansi wa kielektroniki kwa kompyuta mpakato na kinanda kidogo cha funguo 25. Mwendo ninaoupenda ni mapigo 124 kwa dakika, kiki, yaani ngoma nzito ya chini, ikipiga mara nne katika kila kipimo, yaani kila fungu la mapigo manne. Ngoma hazinipi tabu, na besi naimudu.

Kinachonishinda ni mahadhi. Nikifungua sinthesaiza, yaani mtambo wa kuunda sauti kwa umeme, hupitia sauti zilizotayarishwa, moja baada ya nyingine, hata saa nzima ikapita; nikipata inayonivutia hubonyeza funguo nyeupe kwa kubahatisha, na kinachotoka huwa ni kile kile nilichokwisha kukisikia kwa watu wengine. Hupata vipimo vinne vinavyopendeza, kisha nikasimama hapo, nisijue pa kwenda. Sasa nina mafaili 31 ya vipimo vinne vinne na sina wimbo hata mmoja uliokamilika. Mwezi uliopita nilimsikilizisha mtu mmoja anayepiga muziki kwenye sherehe za ufukweni Paje, akaniambia kwa upole kwamba ngoma zimekaa vizuri lakini hakuna kitu ambacho msikilizaji ataondoka nacho mdomoni. Maneno hayo yaliniuma kwa sababu ni ya kweli.

Naomba kuelekezwa nianzie wapi: kwenye kordi (noti zinazopigwa pamoja), kwenye skeli (ngazi ya noti za wimbo), au kwenye kuchagua sauti? Tena, nyumbani kwetu taarab husikika tangu nikiwa mdogo. Je, naweza kuitumia lahani yake bila ya kuonekana kama kiraka kilichoshonwa juu ya nguo ya mtu mwengine? Muziki sikuusomea popote.

Besi Kwanza, Mwanakwerekwe

Wa alaykum salaam, kaka. Mimi nakushauri jambo moja tu kwa sasa: kuchagua sauti kuwe ni kazi ya mwisho. Tunga mahadhi yako yote kwa sauti kavu ya piano au kwa wimbi moja tupu, kwa sababu sauti nzuri iliyojaa mwangwi huyafanya mahadhi dhaifu yaonekane yana nguvu, na udhaifu huo hutaugundua mpaka siku ya pili. Kama hayapendezi kwa piano kavu, hakuna programu ya sauti itakayoyaokoa.

Maalim wa Fidla, Malindi

Mwanangu, nimesoma maelezo yako mara mbili, na naona kwamba vidole vyako vimetangulia mbele ya mdomo wako. Kinanda hakina pumzi, kwa hivyo anayetunga kwa vidole peke yake hutoa noti zisizojua wapi pa kupumua, na mtu asiyeweza kuyaimba mahadhi hawezi kuondoka nayo. Mimi ni mpigaji wa fidla na sinthesaiza sikuizoea, lakini katika taarab mahadhi hufuata shairi, na shairi letu lina kipimo ambacho nadhani kitakufaa hata pasipo muimbaji.

Unajua kwamba mshororo wetu wa kawaida una mizani 16, yaani silabi 16, nane kabla ya kituo na nane baada yake, na kila nusu huishia kwa kina chake. Chukua mishororo hii miwili niliyoiandika sasa hivi kwa ajili yako:

Kisiwa changu cha Pemba, karafuu yanukia,
Mawimbi nayo yaimba, usiku ukiingia.

Usiyaweke maneno haya ndani ya wimbo. Yatamke tu kwa sauti huku kiki yako ikipiga. Ukiibana mizani yote 16 ndani ya kipimo kimoja, kwa mwendo wa mapigo 124, utakuwa na chini ya sekunde mbili na ulimi utajikwaa. Kwa hivyo utandaze mshororo juu ya vipimo viwili, kila mzani nusu ya pigo. Sasa sikiliza mikazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na katika mshororo wa kwanza silabi zenye mkazo ni ya 2, ya 4, ya 7, ya 11 na ya 15. Kiki inapiga kwenye mizani ya witiri, yaani 1, 3, 5 na kuendelea. Maana yake ni kwamba «si» ya kisiwa na «cha» ya changu zinaikwepa kiki, kisha «Pe», «fu» na «ki» zinaikalia juu yake. Mshororo unaanza kwa kuikimbia ngoma na unamalizia kwa kuiangukia. Noti za mikazo zifanye ndefu zaidi, au za juu zaidi, au zenye nguvu zaidi, na hizo nyengine ziwe nyepesi. Umbo hilo la mapigo tayari ni lako, kabla hujagusa skeli yoyote, wala hakuna mtu Ulaya anayelipata kwa kubahatisha, kwa sababu limetoka katika ulimi huu.

Jirekodi kwa simu ukiwa unaimba «la la la» kwa mwendo huo, mara kumi, bila ya kujihukumu, kisha ndipo ukae kwenye kinanda ukatafute ulichokiimba.

Kijana wa Wete

Maalim, nashukuru sana, Allah akujaalie kheri. Nimejaribu jana usiku baada ya kufunga duka, na kweli mapigo yamebadilika. Lakini nikiimba hubaki kwenye noti mbili tatu zilizo karibu karibu, kama mtu anayesoma tangazo. Nitajuaje wapi nipande na wapi nishuke?

Maalim wa Fidla, Malindi

Noti mbili tatu si aibu, mwanangu. Zikiwa ni nne au tano zinatosha kwa wimbo mzima wa kuchezea. Chagua noti moja iwe nyumbani. Kutoka nyumbani panda nusu toni, yaani ufunguo wa jirani, mweupe au mweusi, kisha ruka toni moja na nusu, kisha panda nusu toni tena. Noti hizo nne ndizo mwanzo wa hijaz, ambayo ni maqamu, yaani skeli ya muziki wa Kiarabu, na zinapatikana kwenye kinanda chochote bila ya kukipinda. Ule mruko wa katikati ndio utakaomfanya msikilizaji wa Unguja au Pemba ajue yupo wapi hata ikiwa sauti ni ya mtambo.

Kisha utumie vina. Katika mishororo yangu kina cha kati ni «mba» na cha mwisho ni «ia». Kila nusu ya kwanza iishie mahali pamoja palipo mbali na nyumbani, kwa mfano noti ya tano juu yake, na kila nusu ya pili irudi nyumbani. Sikio litasikia swali na jibu. Mshororo wa kwanza na wa pili vikipewa vina hivyo hivyo lakini njia tofauti ya kuvifikia, una vipimo vinne visivyochosha. Kwa vipimo vinne vinavyofuata rudia, ila jibu la mwisho usilipeleke nyumbani. Liache juu, na mtu atataka kusikia kinachokuja. Hapo ndipo mafaili yako 31 yanapokwama, kwa maoni yangu: kila kipande umekifunga mlango mapema mno.

Dada wa Sanduku, Ng'ambo

Shikamoo Maalim. Kwa heshima zote, nina jambo moja ambalo naliona tofauti kidogo. Mizani 16 ikijazwa noti 16, muziki wa dansi unasongamana, kwani tayari kuna kiki, besi na makofi. Mimi hupiga muziki kwenye harusi, na nimejifunza kwa kuangalia kidumbak, ambacho ni muziki wa kuchezewa tangu asili yake. Vidumbak viwili, ambazo ni ngoma ndogo, pamoja na cherewa za kutikisa na vijiti vya mkwasa havinyamazi. Sanduku linavuta besi kwa uzi wake mmoja. Na fidla hutupa kishazi kifupi, hunyamaza kidogo, kisha hukirudia na kukigeuza mkia tu. Wanawake hawahitaji mahadhi marefu ili wainuke. Wanahitaji kishazi wanachokijua kikirudi pale wanapokitarajia, na pengine mara moja kikichelewa.

Kwa hivyo, mdogo wangu, andika mizani yote 16 kama alivyosema Maalim, kisha ufute. Acha mikazo mitano na vina viwili, uzime vilivyobaki, uone kama mshororo bado unasikika kichwani. Mara nyingi unasikika, maana sikio linaujaza. Halafu hakikisha besi inaongea pale mahadhi yanaponyamaza. Zikiongea pamoja hakuna inayosikika.

Maalim wa Fidla, Malindi

Marahaba, mwanangu. Umesema kweli, na mimi mwenyewe nikipigia kidumbak hupunguza. Nakubali.

Fundi Mawimbi, Chake Chake

Ndugu yangu wa Wete, waliotangulia wamemaliza upande wa noti, mimi nigusie upande wa mtambo, kwa sababu katika sinthesaiza mahadhi hayaishii kwenye noti. Roland ya Japani ilikuwa na kisanduku kiitwacho TB-303, kilichotengenezwa miaka ya mwanzo ya 1980 ili kumpigia besi mpiga gita aliye peke yake. Hakikununuliwa vya kutosha na utengenezaji wake ukasimama mwaka 1984. Vijana wa Chicago walikipata kwa bei ndogo, wakawacha noti chache zijirudie na huku wakizungusha kwa mkono filta, yaani kitasa kinachokata sehemu kali ya sauti. Kundi la Phuture lilipotoa kazi ya namna hiyo mwaka 1987, mtindo mzima ukazaliwa kutokana na noti chache ambazo rangi yake haitulii.

Fanya hivi. Chagua wimbi la msumeno, ambalo lina harmoniki zote, yaani sauti nyembamba zinazolia pamoja juu ya noti yake, na kwa hivyo filta ina kitu cha kukata. Funga filta mpaka sauti iwe nzito, kisha ifungue polepole kwa vipimo nane. Mahadhi ni yale yale, lakini msikilizaji anasikia yakikaribia. Zile noti za mikazo ziongezee nguvu ya mguso na uiunganishe nguvu hiyo na filta, ili kila silabi iliyokazwa ifunguke zaidi kuliko jirani zake. Jambo hili ndilo linaloifanya sinthesaiza itamke. Tena, ongeza mtelezo mfupi kati ya noti mbili kabla ya kina, kwa kuwa fidla haifiki kwenye noti kwa kuruka kila mara.

Kijana wa Wete

Kaka Fundi, swali moja la mwisho. Nilipoimba kwa simu, noti moja haipatikani kwenye kinanda. Ipo katikati ya mbili, na kila upande nikibonyeza naiona imekosea.

Fundi Mawimbi, Chake Chake

Hukukosea kuimba. Inaelekea umeimba bayati, maqamu nyengine ambayo noti yake ya pili ipo robo tatu za toni juu ya nyumbani, na kinanda cha kawaida kinapanda kwa nusu toni tu. Gurudumu la kupindia sauti kwa kawaida limewekwa toni moja kila upande, kwa hivyo bonyeza noti iliyo toni moja juu ya nyumbani, kisha ishushe kwa robo ya safari ya gurudumu kutoka katikati hadi chini. Katika programu unaweza kuichora hiyo badala ya kuishika kwa mkono. Ikiwa utaitumia mara nyingi, Surge XT ni sinthesaiza ya bure inayokubali mafaili ya kubadilisha mpangilio wa noti zote. Jihadhari na kordi: ukiweka chini yake kordi ya kawaida yenye noti jirani, vitagombana. Weka nyumbani na ya tano peke yake.

Kijana wa Wete

Narudi baada ya siku tisa. Nilianza upya bila ya kufungua hata faili moja la zamani. Mshororo nimeutunga mwenyewe, nimeandika noti 16 nikafuta tisa, na ile ya bayati nimeiweka mara moja tu, kabla ya kina cha mwisho, kwa sababu nilipoiweka kila mahali ilipoteza utamu. Filta inafunguka kwa vipimo 16 badala ya nane. Wimbo una dakika tano na sekunde kumi na umefika mwisho. Mdogo wangu wa kike, ambaye huwa hajali ninachofanya, leo asubuhi alikuwa akifagia uwanja huku akiyavuma yale mahadhi, nami sikumuuliza kitu nikihofia asije akaacha.

Kilichobaki ni besi, ambayo bado inayaingilia mahadhi kwenye mzani wa 11.

Dada wa Sanduku, Ng'ambo

Hongera, mdogo wangu. Isogeze besi mpaka mzani wa 12, baada tu ya noti hiyo ya mahadhi, na uikate fupi. Kisha tuwekee hapa tuisikie.